Ukavu wa Macho

Jamhuri ya Chapani haimo katika ramani yoyote, na ukiwauliza viongozi wake watakwambia kwamba ramani ndizo zenye makosa. Wageni wengine hulisikia jina vibaya wakadhani wanakwenda Japani. Wachapani hawawasahihishi. Huwaacha na furaha yao mpaka wafike uwanja wa ndege, ambako hupangwa katika foleni tatu: ya kugongewa muhuri wa kuingia, ya kugongewa muhuri wa kuthibitisha ule wa kwanza, na ya tatu ambayo hakuna ajuaye ni ya nini, ila ndiyo ndefu kuliko zote.

Chapani, muhuri ndio kila kitu. Mtoto akizaliwa hulia, lakini kilio chake hakihesabiwi mpaka kigongwe. Mume na mke wakigombana, mwenye karatasi iliyogongwa ndiye aliyeonewa. Kuna mwaka mvua ilinyesha kabla ya barua ya Wizara ya Kilimo, na wakulima wakakatazwa kupanda kwa sababu mvua ile haikuwa rasmi. Mahindi machache yaliota yenyewe, kwa ukaidi. Yaling'olewa.

Hapo awali kazi ya kugonga ilikuwa na hatua mbili. Afisa anachovya muhuri kwenye pedi ya wino, kisha anagonga karatasi. Chovya, gonga. Chovya, gonga. Ndivyo ofisi zote za serikali zilivyosikika kuanzia saa tatu asubuhi, maafisa wanapofika, hadi saa nne, wanapokwenda kunywa chai. Kisha ukafanyika utafiti, ukagundua kwamba nusu ya nguvu za taifa zilikuwa zikipotelea kwenye kuchovya.

Taarifa hiyo ilisomwa bungeni na Waziri wa Wino na Mihuri, Mheshimiwa Dokta Shibe Makeke. Udokta wake alipewa na chuo alichokizindua mwenyewe, siku ile ile ya kukizindua, kabla hakijapata walimu.

"Ndugu wananchi," alisema, sauti ikimtetemeka, "taifa linalochovya ni taifa linaloinama. Nasi tumeinama vya kutosha."

Wabunge wakapiga meza. Wawili waliokuwa wamelala waliamka nao wakapiga, kwa tahadhari, wakisubiri kuambiwa ni nini.

*

Kazi ya kulinyoosha taifa alikabidhiwa Profesa Tindikali, Mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti wa Wino. Taasisi hiyo ilikuwa na ghorofa sita, walinzi arobaini na maabara moja, iliyofungwa muda wote kwa sababu kibali cha ufunguo wake kilikuwa ndani ya maabara. Baada ya miaka minne Profesa alijitokeza na kitu mkononi, kikubwa kama kopo la maziwa: muhuri unaojitia wino wenyewe.

Haukuhitaji pedi. Ndani yake mlikuwa na mpira laini wenye vitundu vidogo visivyoonekana, na wino umejazwa humo humo kama asali ndani ya sega. Ukibonyeza, wino unatoka. Ukiachia, unarudi kulala. Wino wenyewe ulichanganywa mafuta ya nyonyo na glisarini ili usigande ndani ya mpira, na rangi yake ilikuwa zambarau, iliyochaguliwa na Mke wa Rais ili ifanane na viti vya sebuleni kwake.

"Wino huu hautakauka kwa miaka mia moja," Profesa aliwatangazia waandishi wa habari, Waziri akiwa kando yake.

Mwandishi mmoja, mzee aliyebakiza wiki moja astaafu na hivyo hakuwa na la kuogopa, akanyoosha mkono. "Hautakauka ndani ya muhuri, Profesa, au juu ya karatasi?"

Profesa alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Profesa.

"Swali lako ni zuri sana," alisema Waziri, "na ndiyo sababu halitajibiwa."

Swali liliundiwa kamati. Mwandishi alistaafishwa jioni ile.

Ili wino upate makazi yanayoufaa, serikali ilileta na karatasi mpya, nzito, yenye kung'aa kama kiatu cha mlinzi wa Rais. Karatasi za zamani, zile za kukwaruza zilizokuwa zikinywa wino kama mchanga unywavyo maji, zilichomwa moto uwanjani huku bendi ya polisi ikipiga. Ikaamriwa pia kwamba nyaraka zote zichapwe na kutiwa saini kwa wino huo huo mpya, herufi hadi herufi, isije ikaonekana kwamba serikali ina wino wa aina mbili.

Basi wino uliokataa kukauka ndani ya muhuri ukakataa kukauka na juu ya karatasi. Ulikaa pale juu ukimeremeta, siku ya kwanza, wiki ya pili, mwezi wa tatu. Siku za manyunyu ulivuta maji ya hewani ukazidi kulowa. Maharusi walitoka kwa kadhi na kwa padri na mashavu ya zambarau. Balozi mmoja aliwasilisha hati zake za utambulisho kwa mfalme wa watu, akamwachia mfalme yule alama ambayo wakwe zake waliielewa vibaya. Viganja vya taifa zima vikawa rangi moja, naye Waziri akatangaza kwamba hiyo ni dalili ya mshikamano.

*

Nchi nyingine zingebadili wino. Nyingine, zisizo na ubunifu kabisa, zingebadili karatasi. Baraza la Mawaziri la Chapani lilikaa siku tatu likabadili sheria.

Nia ilikuwa njema, kama kawaida. Walitaka kusema kwamba hati haitatumika mpaka afisa aione kwa macho yake kuwa imekauka. Waziri alikuwa akisema huku akitembea, na katibu akiandika huku akinusa pilau iliyokuwa ikiandaliwa chumba cha pili. Katibu akafupisha. Kifungu cha saba cha Sheria ya Ukavu kikasomeka hivi: "Hati yoyote ya serikali haitakuwa na nguvu mpaka ukavu wa macho utakapothibitishwa na afisa mhusika."

Kikapelekwa kiwanda cha uchapaji, mezani kwa Mbaraka Sonobari.

Mbaraka alikuwa msahihishaji, kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuliona kosa akalipita. Akienda msibani alisahihisha maandishi ya shada. Alipofika kwenye kifungu cha saba alipiga mstari mwekundu chini ya maneno matatu, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake safi: "Ukavu wa macho ni kukosa haya. Je, ndicho kinachokusudiwa?"

Karatasi ilipanda ngazi hadi kwa Waziri. Wanasheria wake waliichambua. Waliona kwamba maneno yale ni tusi, na kwa kuwa yalikuwa na alama ya kuuliza, ni tusi linalodai majibu, ambalo ni baya zaidi. Kukirekebisha kifungu kungekuwa ni kukubali. Hivyo kifungu kikabaki na kifungo kikafuata: Mbaraka alihukumiwa kukaa ndani siku kumi na nne.

Hati ya kumwingiza gerezani iligongwa saa nne asubuhi, na saa nne na nusu alikuwa amekwishavuliwa mkanda. Hati za kumfunga mtu hazingoji kukauka. Sheria imeziweka katika kundi la dharura.

*

Siku ya kumi na tano dada yake alikwenda Idara ya Ukavu akiwa na shati safi ndani ya mfuko, amelipiga pasi mwenyewe.

Jina lake Siwema. Alikuwa na meza nyuma ya soko, na juu ya meza vipande vya mpira na wembe, na kazi yake ilikuwa kuchonga mihuri ya watu wadogo: vikundi vya kwaya, madrasa, vyama vya kuzikana. Jina lako angelichonga kinyumenyume huku akizungumza nawe habari za wanao, na likigongwa likasomeka sawasawa. Kwa meza hiyo alimlea Mbaraka tangu mama yao alipofariki, akamsomesha mpaka kijana akajua kuandika vizuri. Siku hizi watu walimwambia hapo ndipo alipokosea.

Karani wa Ukavu wa Daraja la Pili aliitwa Kitwana. Nyuma yake kulikuwa na Chumba cha Kukaushia, kamba juu ya kamba, na hati elfu kumi na moja zimebanwa kwa vibanio kama nguo za wodi nzima.

"Nimefuata hati ya kumtoa Mbaraka Sonobari," alisema Siwema.

Kitwana alifungua daftari. "Ipo. Imesainiwa, imegongwa. Hongera sana, dada."

"Nipe basi niende nayo."

"Mbichi."

"Nini mbichi?"

"Hati. Ikiwa mbichi haina nguvu." Alisema kwa upole, kama muuza ndizi asiyetaka mteja aumwe tumbo.

"Itakauka lini?"

"Hilo si letu, dada yangu. Letu ni kupima. Kila Alhamisi anapita Mpimaji."

"Anapima kwa nini?"

"Kwa kidole."

Siwema aliitazama ile misururu ya karatasi. "Sheria inasema macho."

"Macho hudanganya. Kidole cha serikali hakidanganyi."

"Akigusa kwa kidole si anauchafua muhuri?"

"Anauchafua."

"Halafu?"

"Ukichafuka unagongwa upya, tunaanza kuhesabu tena."

"Kwa wino ule ule."

"Una mwingine?"

Siwema aliuweka ule mfuko wa shati juu ya meza. "Kaka, sikiliza. Wino wa muhuri haukaushwi na upepo, unanywewa na karatasi. Hii karatasi yenu ina mafuta, hainywi kitu. Mimi nachonga mihuri mwaka wa kumi na tisa huu. Chukua karatasi ya daftari la shule, gonga hapo, hesabu mpaka kumi, kisha nipe ndugu yangu."

Kitwana aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akashusha sauti. "Unayosema nayajua. Hata mfagiaji anayajua. Lakini karatasi ya daftari haina hadhi."

"Na ndugu yangu kukaa ndani wakati siku zake zimekwisha, kuna hadhi?"

"Kuna hati," alisema Kitwana.

Siwema alimwandikia Waziri barua. Ikarudi, kwa kuwa haikuwa na muhuri wa kupokelewa. Akaipeleka ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na kwa kuwa sasa ilikuwa mbichi, ikatundikwa Chumba cha Kukaushia, kamba ya pili kutoka ile ya ndugu yake.

*

Kifungo cha siku kumi na nne kikafika mwezi wa tano.

Alimwona kwenye wavu wa wageni. Shati la gereza lilimkaa Mbaraka kama limeanikwa kwenye mti wa uzio.

"Wanakupa chakula?" aliuliza Siwema.

"Nusu. Wanasema fungu zima ni la mwenye hukumu, na mimi hukumu yangu imekwisha."

"Unalala wapi?"

"Mlangoni. Ndani ni kwa wafungwa."

"Kikohozi hicho cha lini?"

"Cha mlangoni."

Siwema alishika wavu. "Mbaraka, nakuomba kitu kimoja. Usimsahihishe mtu yeyote humu."

"Nimemsahihisha mmoja tu, dada."

"Nani?"

"Mkuu wa Gereza. Kwenye mashtaka yangu mapya ameandika 'bila kibari', kwa r."

"Mashtaka gani mapya?"

Mkuu wa Gereza, Afande Sumbuko, alimweleza mwenyewe, kwa fahari ya mtu aliyegundua jambo ambalo hata vitabu havikuligundua. Kijana huyu si mfungwa. Kifungo chake kiliisha zamani, lakini bado yumo, anakunywa uji wa serikali na kuegemea ukuta wa serikali. Huko ni Kukaa Gerezani Bila Kibali. Adhabu yake ni miaka mitano. Kesi ingesikilizwa Jumatatu.

"Kama si mfungwa, Afande, si umfungulie atoke?"

"Nimtoe kwa hati gani?"

"Hati ipo. Wanasema mbichi."

"Mbichi ni sawa na haipo."

"Basi mhesabu ni mfungwa mpaka ikauke."

Afande Sumbuko alimtazama kwa huruma. "Bibie, angekuwa mfungwa ningemshtaki vipi kwa kukaa gerezani?"

Siwema alifunga safari ya kurudi mjini. Ilikuwa Alhamisi. Mpimaji alikuwa amepita asubuhi, kidole chake kimegusa, na muhuri wa Mbaraka ulikuwa umegongwa upya.

*

Jumamosi ilikuwa Siku ya Wino, sikukuu ya taifa.

Mwaka ule sikukuu ilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu Rais alikuwa amenuna. Miezi sita nyuma alikuwa ametia saini amri ya kujiongezea muda wa kukaa madarakani. Amri ilichapwa kwa wino mpya kwenye karatasi mpya, ikagongwa muhuri mpya, na tangu hapo ilikuwa imelala juu ya meza yake, mbichi. Mshauri mmoja asiye na busara alikuwa amemnong'oneza kwamba kwa mujibu wa kifungu cha saba, Mtukufu Rais hakuwa Rais tangu mwezi wa pili. Mshauri huyo sasa alilala mlangoni pamoja na Mbaraka. Hata hivyo Rais alikuwa amesikia, na Waziri Makeke alikuwa na siku moja ya kumthibitishia kwamba wino unakauka.

Kwa hiyo ilikuwa sherehe kubwa. Waziri aliamuru hati zote elfu kumi na moja zitolewe Chumba cha Kukaushia zikatundikwe kuzunguka uwanja, kama mapambo, ili wageni waone serikali inavyofanya kazi. Watu walifika na alfajiri. Wachache walikuja kwa ajili ya ngoma. Wengi walitembea polepole kando ya zile kamba, vichwa juu, kila mmoja akitafuta maisha yake: huyu cheti cha kuzaliwa, yule leseni ya boti, mama mmoja kibali cha kumzika mumewe, ambaye ilibidi azikwe bila kibali na sasa kisheria alikuwa ametoroka.

Siwema aliipata ya Mbaraka kwenye kamba ya arobaini na mbili. Kitwana ndiye aliyepangiwa kuilinda kamba hiyo. Alimwona Siwema akinyoosha mkono kwenye kibanio. Akainama kufunga kamba za viatu vyake, na akakaa ameinama muda mrefu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Waziri alipanda jukwaani amevaa suti nyeupe.

"Wapo maadui," alisema, "wa ndani na wa nje, wanaoeneza kwamba wino wetu haukauki. Wino wa wakoloni ulikauka upesi kwa sababu haukuwa na uhai. Wetu una uhai. Wetu unapumua. Lakini unapotakiwa kukauka, hukauka kwa nidhamu. Leo, mbele ya Mtukufu Rais, ajitokeze mwananchi yeyote mwenye hati, tuipime hapa hapa, dunia ione."

Uwanja mzima ulitazama chini. Kukiri kwamba una hati ambayo haijapimwa ilikuwa ni kukiri kwamba ni mbichi, na kukiri kwamba ni mbichi lilikuwa kosa la kifungu cha kumi na moja.

Siwema akanyoosha mkono.

Walimpandisha. Aliishika ile karatasi kwa pembe mbili, kama mtu abebaye sahani ya mchuzi.

"Jina lako, mama?"

"Siwema Sonobari, Mheshimiwa."

Jina la Sonobari halikumkumbusha Waziri chochote. Alikuwa amewafunga wengi.

"Na hati yako ina muda gani?"

"Miezi mitano."

"Wewe mwenyewe unaionaje? Kavu au mbichi?"

"Mimi ni mchonga mpira tu, Mheshimiwa. Macho yangu hayana cheo."

Watu wakacheka. Waziri naye akacheka, akimwangalia Rais kwa pembe ya jicho. Rais hakucheka.

"Kifungu cha saba," Siwema aliendelea, na sasa alisema polepole kwa sababu kipaza sauti kilikuwa karibu, "kinasema ukavu wa macho uthibitishwe na afisa mhusika. Nimezunguka ofisi zote nikimtafuta afisa mwenye ukavu wa macho wa kutosha. Kila nilikopita nimeambiwa neno moja. Wameniambia, mama, kwa ukavu wa macho, serikali nzima hakuna anayemfikia Waziri."

Watu elfu ishirini waliuma midomo kwa pamoja. Mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi aliinamia chombo chake, na kikatoa sauti ndogo isiyokusudiwa.

Waziri alitabasamu. Alikuwa amezoea kusifiwa, na masikio yake hayakuwa tena na kazi nyingine.

"Lete," alisema.

Aliilaza karatasi juu ya meza ya jukwaa. Aliweka kiganja chake juu ya muhuri, kama aapaye, akakandamiza. Kisha, ili pasibaki shaka, akakipangusa kiganja kile karatasi nzima, kutoka juu kulikoandikwa jina la Jamhuri mpaka chini kulikokuwa na saini, mara mbili, kwa nguvu. Akainua mkono juu ili wote waone.

Wote waliona. Ngao ya taifa ilikuwa imekaa katikati ya kiganja cha Waziri, kinyumenyume, na ndege wake wawili, na tarehe. Kuanzia kidole cha shahada hadi kifundo cha mkono alikuwa zambarau tupu. Kamera ya televisheni ilisogea karibu. Naye pia aliuona mkono wake, maana aliutazama muda ambao mtu hutumia kusoma sentensi moja fupi.

"Mkavu," alisema.

Jasho lilikuwa linamtoka. Akalifuta kwa mkono ule ule, na nusu ya maandishi ikahamia kwenye paji la uso.

"Mkavu kabisa."

Hapo Rais alisimama. Alikuwa amefikiria amri yake iliyolala mezani, akafikiria urahisi wa jambo lenyewe, na uso wake ulikuwa umekunjuka. "Hata mimi nauona," alisema. "Mkavu."

Makofi yakapigwa kwa viganja elfu arobaini vya zambarau.

"Tunaomba iandikwe, Mheshimiwa," alisema Siwema.

Kitwana aliitwa na daftari lake. Akaandika namba ya hati, na mbele yake, katika nafasi iliyoachwa kwa kazi hiyo na ambayo haikuwahi kujazwa hata siku moja, akaandika: "Ukavu wa macho umethibitishwa na Waziri mwenyewe, Rais akiwa shahidi." Akaichana nakala akampa Siwema. Alitumia peni ya dukani. Maandishi yalikauka kabla hajafunga daftari.

Wachapani ni watu waelewa. Rais hajafika hata kwenye gari lake, kamba zilikuwa zimebaki tupu na foleni ya watu elfu kumi na moja ilikuwa imefika mbele ya jukwaa, kila mtu ameshika yake kwa pembe mbili. Waziri hakuweza kukataa. Kamera zilikuwa bado zinatazama. "Mkavu," alisema, akipangusa. "Mkavu. Mkavu. Mkavu." Wanaomfahamu wanasema katika miaka yote ya utumishi wake hawajawahi kumwona akiwasaidia watu wengi kiasi hicho, wala akifanya kazi inayolingana na kipaji chake namna ile.

*

Siwema hakungoja kutazama. Alifika gerezani saa kumi alasiri.

Afande Sumbuko alikuwa ameiona sherehe kwenye televisheni ya ofisini. Alipokea ile nakala ya daftari, akaisoma. Akapokea na hati. Akaigeuza upande wa pili, akairudisha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Muhuri uko wapi?"

"Mkononi mwa Waziri," alisema Siwema. "Ukitaka kuukagua, nenda kamwombe akufumbulie kiganja."

"Na jina la mfungwa?"

"Kwenye paji la uso wake. Ulikuwa unatazama, Afande, si uliliona?"

Afande Sumbuko aliishusha kutoka dirishani. Karatasi ilikuwa nyeupe pe, inang'aa, bila hata nukta. Mtu angeweza kunyolea ndevu humo.

"Mheshimiwa kasema ni mkavu?"

"Kasema. Na Rais kasema. Wewe ndiye wa tatu, na uko huru kusema lako."

Afande aliiweka karatasi mezani, akaipangusa kwa ukingo wa mkono, akavaa miwani. Akaanza kusoma. Alisoma kuanzia juu, taratibu, midomo ikicheza, akigeuza macho mwisho wa kila mstari kurudi mwanzo wa mwingine. Alipofika chini alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Naam," alisema. "Imekaa sawasawa. Mleteni."

Mbaraka alitoka akikohoa, ameshika mkanda wake mkononi. Siwema alimpa lile shati, akalivaa pale pale mbele ya askari, likawa kubwa. Walipita lango la kwanza. Walipita la pili. Askari wa lango la tatu alitaka kuiona hati. Akaishika, akaisoma naye kwa makini kama mkubwa wake, akamrudishia Mbaraka kwa mikono miwili.

Walikuwa wametembea hatua ishirini barabarani wakati Mbaraka alipoitazama. Akapunguza mwendo. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Siwema aliona mkono wake wa kulia ukienda kwenye mfuko wa shati, kutafuta kalamu.

"Dada," alisema Mbaraka, "hii haina kitu."

"Tembea," alisema Siwema.